Mwacha Asili ni Mtumwa: Isa bin Maryam Aliishi Dini Gani?



Leo siandiki habari za shela wala piko. Au tuseme naziandika kwa mlango wa nyuma, maana maneno yenyewe yameanzia kwenye gauni.

Wiki iliyopita biharusi mmoja alirudi dukani kwangu na gauni lake. Nimelishona mwenyewe: mikono mirefu, shingo imefunga, bitana ya satini, shanga nimezitunga kwa mkono usiku mbili mfululizo. Tulikubaliana hivyo tangu siku ya vipimo. Sasa anataka nimkatie mikono. Nikamuuliza, mama kasema? Hapana. Bwana harusi? Hapana. Ni mwenzake wa kazini, msichana wa Kikristo, mtu mwema tu na wanapendana. Kamwambia mambo ya kujifunika ni mila za Waarabu wa jangwani, na kwamba Yesu alishakuja zamani akawafungua watu na sharia. Usile hiki, usivae kile, nawa hapa, tahiri pale, vyote vilifutwa. Yesu alileta Ukristo, ati sisi ndio tuliorudi nyuma.

Shangazi yake biharusi alikuwepo, akadakia: "Mwambie huyo Yesu wao ni Mkristo, Isa wetu sisi ni mwengine! Na asije mtu akanambia Isa Myahudi. Astaghfirullah, nabii wa Mungu awe Myahudi!"

Hapo nikaweka mkasi chini. Watu wawili wanavutana kitambaa kimoja, na wote wamekishika kwa upande wa ndani.

Mimi si ustadhati. Nimesoma skuli mpaka kidato cha nne, nikenda kozi ya ushoni, nikafungua duka. Lakini kusoma nasoma, kitabu chetu na vitabu vyao. Na nasema wazi bila kuzunguka: wote wawili wamekosea. Isa bin Maryam, amani iwe juu yake, hakuwa Mkristo hata siku moja. Alizaliwa katika Bani Israil, akalelewa kama watoto wa Kiyahudi wanavyolelewa, na akaishi ndani ya sharia ya Musa siku zote alizokuwa na watu wake. Asiyelijua hilo haujui mzizi wa Ukristo. Na anayelikataa kwa chuki, ajue anamkataa Bi Maryam na ukoo wake.

Anza na pindo la vazi

Mimi nikihadithiwa habari za mtu, kwanza natazama nguo. Ndiyo kazi yangu.

Injili wanazosoma wenzetu, ya Mathayo na ya Luka, zinasimulia habari ya mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Alijipenyeza kwenye umati, akagusa pindo la vazi la Isa, akapona. Watu wanasoma wanapita. Fundi hapiti, anauliza pindo gani? Neno la Kigiriki lililotumika pale ni lile lile ambalo tafsiri ya kale ya Torati kwa Kigiriki imelitumia kwa vishada. Torati, katika kitabu cha Hesabu sura ya 15, inawaamrisha Bani Israil watie vishada kwenye pembe za nguo zao, na ndani yake uzi wa buluu, ili kila wakivitazama wazikumbuke amri za Mola wao. Ukitaka kuviona kwa akili yako, fikiria matamvua ya kikoi. Ila matamvua ya kikoi ni pambo, na vile ni ibada. Mpaka leo mwanamme wa Kiyahudi mshika dini anavivaa.

Basi nambieni, mtu aliyekuwa akitembea Galilaya na alama ya sharia inamning'inia kwenye nguo, ndiye huyo aliyekuja kuivua sharia?

Na si vishada tu. Torati inakataza hata kuchanganya sufu na kitani katika vazi moja. Fundi wa zama zile kwao alikuwa na halali na haramu mpaka kwenye uzi. Kwa hiyo anayesema dini kuingilia nguo ni mila ya Waarabu, hajafungua kitabu anachokibeba Jumapili.

Kutoka siku ya nane

Twende kwa utaratibu. Luka anasema mtoto alitahiriwa siku ya nane, kama sharia ya Musa inavyotaka. Makanisa kwa karne nyingi yameiadhimisha siku hiyo kila tarehe 1 Januari, siku nane ukihesabu tangu Krismasi. Wangapi wanaosherehekea mwaka mpya wanajua kwamba tarehe hiyo ilikuwa siku ya kukumbuka tohara ya mtoto wa Kiyahudi?

Luka huyo huyo anasema mama yake alipomaliza siku zake za uzazi alikwenda Yerusalemu kutoa sadaka ya kutwaharika, kwa sharia ya ndege wawili. Ukirudi kwenye Torati utakuta ndege wawili ni ruhusa kwa mwanamke asiye na uwezo wa mwanakondoo. Tazama hapo, mashoga zangu: mama mzazi masikini, na bado hakuiacha faradhi yake. Arubaini zetu na siku zake zile ni ndugu.

Alipokua, Injili zinamweka kwenye sinagogi siku ya Sabato, na zinasema ndiyo ilikuwa desturi yake. Pasaka alikwenda Yerusalemu, na hiyo ni Pasaka ya Kiyahudi, ukumbusho wa kutoka Misri na Nabii Musa. Alipomponya mwenye ukoma alimwambia akajioneshe kwa kuhani na atoe sadaka aliyoiamrisha Musa. Alipoulizwa amri gani ni kubwa kuliko zote, hakuleta jipya. Alitaja yale ambayo Myahudi husoma asubuhi na jioni, kwamba Mola ni mmoja. Na katika Mathayo sura ya 5 anasema mwenyewe kwamba hakuja kuitangua Torati.

Na udongo unashuhudia. Katika vijiji vya Galilaya wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua mabirika ya kujitwaharisha na vyombo vya mawe, ambavyo Mayahudi walivipenda kwa sababu kwa sharia yao jiwe halishiki najisi. Mwaka 2009 pale Magdala, mji unaonasibishwa na Maryam Magdalena, walifukua sinagogi la zama zile zile. Hiyo ndiyo mitaa aliyopita.

Ugomvi wa ndani ya nyumba

Hapa mwenzangu wa Kikristo atasema: mbona aligombana na Mafarisayo? Kweli, aligombana nao. Lakini ugomvi wa nini?

Sisi Waunguja tunaujua ugomvi wa namna hii. Shafii anasoma kunuti alfajiri, Ibadhi hasomi. Watu wamebishana miaka, na hakuna aliyesema Ibadhi ameleta dini nyengine. Mafarisayo nao walikuwa na skuli mbili kubwa, ya Hillel na ya Shammai, zikivutana kwa mengi. Moja la kutuhusu ni talaka. Watu wa Shammai walisema mume hamuachi mke ila kwa jambo la fedheha. Watu wa Hillel wakasema anaweza kumuacha hata kwa kuharibu chakula jikoni. Isa alipoulizwa suala hili, jibu lake katika Mathayo lilikaa karibu na wale wakali, waliomlinda mke asitupwe kwa sababu ya sufuria iliyoungua. Huo ni mjadala wa wanavyuoni wa nyumba moja.

Watasema tena: alihalalisha vyakula vyote. Yako maneno katika Marko sura ya 7 wanayoyafahamu hivyo, katika kisa cha kunawa mikono. Lakini fungua Matendo ya Mitume sura ya 10. Petro, mwanafunzi aliyekula naye sahani moja, baada ya Isa kuwa hayupo tena nao, anasema hajawahi kutia kinywani kitu najisi. Hajawahi! Kama mwalimu wake alishafuta halali na haramu mbele ya macho yake, Petro alikuwa amelala?

Nami niseme kweli hata kwa upande wetu. Qur'ani katika Aali Imran inatufundisha kwamba Isa alikuja kuisadikisha Torati iliyokuwa kabla yake, na kuwahalalishia Bani Israil baadhi ya yaliyoharamishwa kwao. Shika neno hilo, baadhi. Kupunguza upana wa gauni si kulitupa gauni.

Jina lilikuja baadaye

Sasa Ukristo ulitoka wapi? Ulitoka humo humo, ndani ya Uyahudi, kisha ukahama nyumba. Wafuasi wa kwanza wote walikuwa Mayahudi. Waliendelea kusali kwenye Hekalu. Jina Wakristo, kwa maelezo ya Matendo ya Mitume wenyewe, lilianza Antiokia, mji ulio leo Uturuki, baada ya Isa kuondoka. Yeye hakulisikia. Hata neno Kristo ni la Kigiriki, limefasiri neno la Kiebrania Mashiah, yaani aliyepakwa mafuta. Sisi tunasema Masihi.

Kisha akaja Paulo wa Tarso, ambaye hakuwa miongoni mwa wanafunzi waliotembea na Isa. Yeye alikwenda kwa mataifa mengine, Wagiriki na Warumi, na hapo likazuka suala: mtu asiye Myahudi akiingia, atahiriwe? Karibu na mwaka 49 walikaa Yerusalemu wakashauriana, na aliyetoa neno la mwisho alikuwa Yakobo, anayeitwa ndugu wa Bwana. Wakaamua wageni wasitwishwe sharia yote. Wageni, jamani. Kwa Mayahudi wenyewe hakuna aliyeifuta. Kitabu hicho hicho, sura ya 21, kinasema waumini wa Kiyahudi maelfu walikuwa na bidii ya sharia. Na Paulo alipomkuta Petro Antiokia amejitenga na meza ya wasio Mayahudi, alimgombeza hadharani, na ameiandika mwenyewe. Watu hawagombani hivyo juu ya jambo ambalo mwalimu wao alishalimaliza.

Yakobo aliuawa mwaka 62. Mwaka 70 Warumi wakaibomoa Yerusalemu na Hekalu lake. Kundi la Mayahudi waliomuamini Masihi wakishika Torati likaanza kunyauka, na wageni wakawa ndio wenye nyumba. Mwaka 321 Mfalme Constantine akaweka Jumapili kuwa siku ya mapumziko. Mwaka 325 mkutano wa Nikea uliamua Pasaka isifuate tena hesabu ya Mayahudi. Mwaka 380 Ukristo wa Nikea ukawa dini ya dola ya Roma. Na bado watu hawakuacha haraka: mwaka 386 na 387, pale pale Antiokia, Yohana Krisostomo alihubiri kwa ukali kuwakemea Wakristo wanaokwenda kwenye masinagogi na sikukuu za Kiyahudi. Zaidi ya miaka 300 imepita, na Mkristo wa kawaida bado anaijua nyumba aliyotoka!

Ni kama joho lililofumwa mtaa mmoja, likatiwa bitana mtaa wa pili, likabandikwa lebo mtaa wa tatu. Mwenye kuuza anakuonesha lebo. Fundi anageuza ndani atazame uzi.

Wala hili si neno langu mimi Muislamu wa dukani. Mwanachuoni wa Kijerumani Julius Wellhausen, naye Mkristo, aliandika mwaka 1905 kwamba Isa hakuwa Mkristo bali Myahudi. Geza Vermes akaandika kitabu kizima mwaka 1973 kumwita Yesu Myahudi. Kanisa Katoliki, katika tamko lake la mwaka 1965, limewakumbusha waumini kwamba mitume walitoka kwa Mayahudi. Na Wakristo wa Habasha mpaka leo wanatahiri, hawali nguruwe, na wanaiheshimu Jumamosi pamoja na Jumapili. Hao ndio watu wa nchi ya Najashi, aliyewapokea masahaba wa Mtume wetu na akasomewa habari za Maryam. Hapa kwetu Tanzania, Wasabato wanapumzika Jumamosi na nguruwe hawamgusi. Wamewaiga Waarabu gani?

Shangazi, na wewe nisikilize

Nisipinde mkono upande mmoja tu. Shangazi yake biharusi ni mtu mzima, namheshimu, lakini neno lake liliniuma zaidi.

Shangazi yangu, kwa imani Isa ni muislamu, maana yake amejisalimisha kwa Mola wake, kama Manabii wote. Hilo halina mjadala kwetu. Kwa nasaba ni Bani Israil kupitia kwa mama yake. Kwa sharia aliyoikuta na kuiishi, ni sharia ya Musa. Haya matatu hayapigani. Utaniambia Qur'ani imesema Ibrahim hakuwa Myahudi wala Mkristo. Kweli, kwa sababu Ibrahim alikuja kabla ya Torati na kabla ya Injili, na aya imeitaja sababu hiyo. Isa alikuja baada ya Torati, kwa watu wa Torati. Na yeye mwenyewe katika Qur'ani anajitambulisha kuwa ni mjumbe kwa Bani Israil.

Kisha unasema Myahudi kama unatema. Unamkumbuka Bi Safiyya, mama wa waumini? Binti wa Huyayy, wa Banu Nadhir. Alipotiwa aibu kwa neno hilo hilo, kwamba ni binti wa Myahudi, akalia, Mtume, rehma na amani zimshukie, hakumwambia auche ukoo wake. Alimfundisha ajivunie kwamba baba yake ni Harun, ami yake ni Musa na mume wake ni Muhammad. Hayo yamo katika Tirmidhi. Kama Mtume alimkinga mkewe na neno hilo, sisi tumepata wapi ruhusa ya kulirusha?

Najua utanitajia Palestina. Nalia kama unavyolia wewe, na dua naiomba kila sala. Lakini dhulma ya wenye silaha leo haibadilishi nasaba ya Bi Maryam, wala haimfanyi bibi wa Kiyahudi aliyezaliwa huko ng'ambo kuwa adui yangu.

Na iko sababu nyengine ya kuogopa. Ujerumani, mwaka 1939, wakati wa Hitler, wachungaji na maprofesa walianzisha taasisi katika mji wa Eisenach kwa ajili ya kuufuta Uyahudi ndani ya kanisa. Mkuu wake wa elimu, Walter Grundmann, akaandika kwamba Yesu hakuwa Myahudi. Wakatoa hata Agano Jipya waliloliparura. Katika miaka hiyo hiyo Mayahudi milioni 6 waliuawa Ulaya. Ukimvua mtu ukoo wake kwanza, ni rahisi baadaye kuwaua jamaa zake bila kuona kwamba umewagusa wa kwake. Ndiyo maana kusema "Isa wetu si wao" si utani wa dukani.

Turudi kwenye mikono ya gauni

Biharusi wangu, najua utasoma, maana hapa huachi kupita.

Uliambiwa kujifunika ni mila za Waarabu. Mishna, mkusanyiko wa sharia za Mayahudi ulioandikwa karibu na mwaka 200, inamhesabu mke anayetoka na kichwa wazi kuwa amevunja dini ya Kiyahudi, na anaweza kuachwa bila haki yake ya ketuba. Ketuba ni hati ya ndoa inayoandika haki ya mke, jamaa yake mahari yetu. Hukumu yenyewe siisifu, nakuonesha tu asili. Paulo, ndiye huyo huyo aliyewalegezea wageni sharia, aliwaandikia wanawake wa Korintho wafunike vichwa wakisali. Na mtazame Bi Maryam katika picha za makanisani: wachoraji wa Ulaya wamembadilisha rangi, wamembadilisha uso, lakini ushungi wameshindwa kumvua.

Mwenzako wa kazini usimnunie. Hakukudanganya kwa makusudi, amekupa alichopewa. Mkaribishe chai, mfungulie Luka sura ya 2, msome pamoja. Urafiki wa kweli unabeba kitabu kilichofunguliwa.

Gauni lako bado linaning'inia dukani. Mikono yote miwili ipo. Ni lako, umelilipia, na mimi siwezi kukuvisha kwa nguvu. Ukija ukanambia mwenyewe kwamba umeamua, tutakaa tuzungumze kwa habari ya Mola wako na nafsi yako. Lakini ukija na ile sababu ya kwamba Isa alifuta, mkasi siushiki. Nitakurudisha kwenye pindo la vazi lake.

Mkumbuke tu kwamba kukata ni dakika mbili, na kitambaa kile cha satini kimekwisha sokoni.

Allah atuongoze sote, atupe elimu yenye manufaa na ndimi zisizoumiza.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.